Gari Lililokataa Kushika Mwendo

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Makambako, naye alitumiwa na mtu wa kwaya yao, na huyo wa kwaya sijui aliipata wapi. Mimi nimeinyoosha tu palipokuwa pamepinda. Wewe ukiimaliza, mpelekee bosi mmoja unayemjua. Unamjua bwana, usijifanye humjui.

Palikuwa na tajiri mmoja wa mbao pale Njombe, jina lake Mzee Mligo. Alianza na msumeno wa mkono msituni, akaishia kuwa na kiwanda chenye ua mkubwa na wafanyakazi wa kujaza kanisa. Uzeeni akajinunulia gari jipya. Jipya kweli, si haya yetu tunayoyaita mapya kwa sababu yameshuka melini juzi.

Gari hilo lilikuwa na kifaa ambacho madereva hukiita kruzi. Dereva anapanga mwendo, anaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linaushika mwendo uleule lenyewe. Akigusa breki kidogo tu, kruzi inajikata na gari linarudi mikononi mwake. Hili la Mzee Mligo lilizidi hapo, maana lilikuwa linaona. Likikuta lori mbele linapunguza, lori likipisha linarudi kwenye mwendo wake bila kuambiwa na mtu.

Mzee alikipenda kifaa hicho kuliko gari zima. Kila mgeni aliyefika kwake alipakiwa, akapelekwa barabara ya Makambako, akaonyeshwa mguu wa dereva ukiwa umepumzika. Hata mchungaji alionyeshwa.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kruzi ikaanza kukata.

Mara ya kwanza Mzee alinyamaza. Mara ya pili akanuna. Siku ya aibu yenyewe ilikuwa ile walipokuja wakwe kutoka Songea kuzungumzia mambo ya binti yake. Aliwapakia asubuhi ya ukungu mwembamba, akakaa mbele kando ya dereva, akageuka nyuma na kuwaambia, "Tazameni mguu wa huyu kijana. Haugusi kitu."

Wakwe wakainama kutazama. Gari likalia ting, ting, taa ya njano ikawaka mbele ya usukani, kruzi ikajikata, na gari likaanza kupoa mwendo katikati ya barabara.

Mkwe mkubwa, mtu wa maneno machache, akauliza taratibu, "Limechoka?"

Waliokaa nyuma wakacheka kwenye viganja vyao.

Dereva wake aliitwa Lusajo, kijana wa Tukuyu, mpole, ambaye hajamaliza hata mwaka kwenye kazi hiyo. Wakwe walipoondoka, Mzee alimwita katikati ya ua wa kiwanda, watu wote wakisikia.

"Dereva wa kwanza aliniharibia gari, nikamwondoa. Na wewe umeanza."

"Mzee, sikugusa kitu. Mguu uliuona mwenyewe."

"Wa kulia niliuona. Wa kushoto je? Wa kushoto ndio unaogusa breki chini kwa chini. Hutaki kruzi kwa sababu unataka kukimbiza gari mwenyewe."

"Haki ya Mungu, Mzee."

"Mungu umwache. Jumamosi naenda Songea kumalizia mambo ya binti. Peleka gari kwa fundi. Kosa likionekana kwenye gari, litatengenezwa. Lisipoonekana, basi liko kwenye mguu wako, na mguu huo hautapanda tena gari langu."

Sasa usidhani Lusajo aliogopa kupoteza kazi tu. Kazi zipo. Aliogopa jina. Dereva wa kwanza, Erasto, alipoondolewa alizunguka kwa matajiri wote wa mji, na kila alikokwenda aliulizwa swali moja: "Si wewe uliyeharibu gari la Mligo?" Hakupata hata gari la kubeba mchanga. Njombe si mji mkubwa, na kuliko dereva mwenye jina bovu ni bora hata asiyejua kuendesha, maana huyo anaweza kufundishwa. Lusajo alikuwa na mke na watoto wawili, na alijua kwamba Jumamosi ikipita vibaya, jina lake litakuwa lilelile la Erasto.

Akalipeleka gari kwa Sekela.

Sekela alikuwa na gereji nyuma ya soko la viazi. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia moja iliyowakera wateja wake wote: hang'oi kifaa kabla hajajua kina kosa gani. Unajua mafundi wetu. Gari likiumwa wanabadilisha sensa, lisipopona wanabadilisha nyingine, mpaka ama lipone kwa bahati ama mwenyewe achoke na kuliuza. Sekela hakutaka kusikia habari hizo. Wateja walimwita mbishi, lakini gari likiwashinda wengine walilileta kwake.

"Kamwene, dada," Lusajo akamsalimu.

"Kamwene. Gari lina nini?"

"Wanasema ni mguu wangu."

"Sijauliza wanasema nini. Nimeuliza gari lina nini."

Lusajo akamweleza: kruzi inakata yenyewe, inalia ting, inawasha taa ya njano. Sekela akaunganisha mashine ya kupimia, akaanza kazi. Swichi ya breki, nzima. Fyuzi, nzima. Taa za breki zikawaka zote. Vitufe vya kwenye usukani vikajibu kila alipovibonyeza. Mashine ilikuwa na neno moja tu: kifaa kimejizima chenyewe kwa muda. Kwa nini, haikusema.

Fundi jirani alikuja kuchungulia, mikono nyuma, kama kawaida ya mafundi jirani.

"Unajisumbua, Sekela. Ruka waya hapo, uiunganishe moja kwa moja. Haitakata tena maisha."

"Kinachokata kina sababu," Sekela akajibu bila kuinua kichwa. "Nikiiziba, siku sababu hiyo itakapokuwa ya kweli itawakuta barabarani, na mimi nitakuwa nimekaa hapa nakunywa chai."

Jirani akaguna na kwenda zake.

Mchana ule wakatoka barabarani. Sekela alimvulisha Lusajo kiatu cha kushoto, akamwambia akunje mguu juu ya kiti kama mtu anayekula ugali mkekani, kisha akakaa pembeni macho yake yakiwa chini. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe. Kruzi ikashika. Wakaenda mbali, wakageuza, wakarudi. Haikukata hata mara moja.

Kwa kweli hakuna kitu kinachomtesa dereva kama kosa linalojificha mbele ya fundi. Likifika gereji linakuwa na adabu, likirudi kwa bosi linaanza vituko.

"Dada, sasa ataamini nini?" Lusajo akauliza. "Leo limekaa kimya kwako. Atasema limetulia kwa sababu mguu wangu ulikuwa juu ya kiti."

"Kesho asubuhi na mapema tena," Sekela akasema.

"Na likikaa kimya tena?"

"Keshokutwa tena. Mimi sichoki mapema. Wewe ukichoka niambie nitafute dereva mwingine wa kunisaidia kukutetea."

Lusajo akacheka ingawa hakutaka.

Kesho yake asubuhi Njombe iliamka kama inavyojua kuamka, ukungu umelala mpaka kwenye matairi. Wakatoka taratibu, taa zimewashwa. Ukungu ulipopungua kidogo, barabara ikaonekana vizuri mbele, Lusajo akaweka kruzi, akakunja mguu wa kushoto, wa kulia akauvuta nyuma. Hawakwenda mbali. Ting, ting. Taa ya njano. Gari likapoa.

Sekela alikuwa akiitazama miguu yote miwili, na yote miwili ilikuwa imetulia.

"Umeona!" Lusajo akasema. "Umeona mwenyewe. Twende tukamwambie Mzee."

"Tukamwambie nini?"

"Kwamba si mimi."

"Atauliza, kama si wewe ni nini? Mimi nitanyamaza, kwa sababu sijui. Na fundi akinyamaza, anayefukuzwa ni dereva. Sitaki kumwambia si wewe. Nataka kumwonyesha ni nini."

Wakageuza gari. Njiani Sekela akauliza, "Yule dereva wa kwanza yuko wapi siku hizi?"

Erasto alikuwa anafanya kibarua cha kulima viazi kwenye shamba la mtu, juu mlimani nje ya mji. Walimkuta ameinama kwenye tuta. Alipoliona gari akalitambua, akasimama wima, akaegemea jembe.

"Mzee kawatuma?"

"Hajatutuma," Sekela akasema. "Kamwene, kaka. Mimi ni fundi. Gari hili lina ugonjwa, na wewe ndiye uliyekaa nalo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimekuja kuuliza ulianzaje."

Erasto alipangusa udongo kwenye mpini wa jembe. Kisha akasema jambo lililomchoma Lusajo moyoni.

"Wewe ni wa kwanza kuniuliza."

Akawaeleza. Miezi ya mwanzo kruzi haikusumbua hata siku moja. Mvua zilipoanza ndipo ilipoanza kukata. Kwenye ukungu ilikata. Nyuma ya malori ya mbao, kwenye vumbi, ilikata. Siku ya jua kavu haikukata. Alimwambia Mzee hivyohivyo, neno kwa neno, na Mzee akamjibu kwamba gari la bei ile haliogopi ukungu.

"Nikafikiri labda ni uchafu," Erasto akasema. "Nikawa naosha mbele vizuri, pale kwenye sho, ule wavu wa mbele wenye nembo. Kuna nailoni pale. Ilikuwa imeingiwa na maji ndani. Nikaanza kuibandua kona moja ili nipanguse. Mzee akaniona toka dirishani. Alishuka anafoka kama nimemchinjia ng'ombe. Wiki ileile akaniondoa."

Hapa naomba nisimame kidogo nikuulize na wewe unayesoma. Rimoti ya nyumbani kwenu imevuliwa nailoni? Kiti kipya cha sebuleni je? Basi usimcheke Mzee Mligo. Huyu mzee alizaliwa kwenye nyumba isiyokuwa na kitu kipya hata kimoja, na siku baba yake alipopata redio, ilikaa ndani ya nailoni yake mpaka ikafa, na ikazikwa bado mpya. Kwake yeye kitu kikivuliwa nailoni kimeanza kuzeeka. Gari lilipotoka bandarini alisimama juu ya mafundi na kuwaamuru wasibandue chochote, si vitini, si milangoni, si mbele. Alitaka watu wa Njombe waone limetoka kwenye boksi.

Sekela alishuka hadi kwenye gari, akapiga goti mbele ya bampa, akatazama. Nyuma ya nembo ile ndipo lilipokaa jicho la gari, lile linalotazama barabara. Nailoni juu yake ilikuwa imefubaa na jua ikawa nyeupe kama uji. Ndani yake matone ya maji yalikuwa yametembea, na vumbi la malori limeyafuata na kugandia pale. Siku kavu, jicho lilichungulia kwa taabu likaona. Ukungu ukiongezeka juu ya ule uliokuwa ndani, halikuona kitu.

Lusajo alipoelewa, mkono ukaruka wenyewe kwenda kuibandua. Sekela akaupiga kofi.

"Usiguse."

"Dada, si ndiyo hii?"

"Ndiyo. Lakini ukiibandua wewe, utampelekea Mzee gari zima na hadithi. Atasema umelitengeneza kosa lako kimyakimya kisha umeisingizia nailoni. Aibandue aliyeagiza ikae."

Erasto alikuwa amesimama nyuma yao na jembe lake. Hakuuliza kama atarudishwa kazini. Alirudi kwenye tuta lake, maana mwenye shamba alikuwa anatazama.

Jumamosi asubuhi Mzee Mligo alifika gereji amevaa suti ya safari na kofia yake ya sherehe, tayari kwa Songea. Ukungu ulikuwepo, mwembamba. Alimpita Lusajo bila kuitikia shikamoo yake.

"Fundi, kosa limeonekana?"

"Limeonekana."

"Ni mguu upi?"

"Panda, Mzee, twende ukaone mwenyewe."

Wakapanda. Mzee mbele, Sekela nyuma. Wakatoka nje ya mji, barabara inaonekana mbele vizuri, Lusajo akaweka kruzi, akakunja mguu wa kushoto juu ya kiti. Mzee akaona ni utovu wa adabu, akataka kusema, lakini kabla hajasema gari likalia ting, ting, taa ikawaka, kruzi ikajikata.

Mzee akaitazama miguu ya dereva wake. Akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto, akarudi kwenye wa kulia. Hakukuwa na wa kumlaumu hapo chini.

"Simama pembeni," Sekela akasema. "Mzee, naomba miwani yako."

"Ya nini?"

"Naomba tu."

Mzee akaivua akampa. Sekela akatoa mfukoni kipande cha nailoni, kile kinachofungiwa vipuri vipya, akaizungushia miwani pande zote mbili, akaipulizia pumzi mpaka ikajaa mvuke, akamrudishia.

"Vaa. Kisha hamia kwenye usukani, utupeleke Songea."

Mzee akaivaa. Akageuka huku na huku. Hakuona hata pua yake.

"Wewe binti unataka niwaue?"

"Sitaki," Sekela akasema. "Na gari lako pia halikutaka. Ndiyo maana lilikuwa linakataa."

Sekela akashuka, akamfungulia mlango, akampeleka mbele, akamwonyesha nembo. Mzee aliivua ile miwani, akaifungua nailoni yake, akaivaa tena safi, akainama. Aliinama kwa muda mrefu kwa mtu wa umri wake.

"Niliwaambia mimi wasiibandue," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale bandarini. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza, nikamzuia."

Akaishika kona kwa kucha. Nailoni ilikuwa imegandamana, ikakatika vipandevipande, na kila kipande akakitoa mwenyewe, suti ikimlowa magotini. Alipomaliza akapangusa kwa leso yake, ile ya sherehe. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba.

Wakapanda tena. Ukungu ulikuwa uleule, barabara ileile. Lusajo akaweka kruzi. Ikashika. Wakakuta lori la mbao linajikokota, gari likapunguza lenyewe, likalifuata kwa adabu. Lori likachepuka, gari likarudi kwenye mwendo wake. Hakuna kilicholia.

Lusajo alikuwa ameshika usukani na machozi yanamtoka, wala hakujaribu kuyaficha. Tangu siku ya ua wa kiwanda alikuwa hajalala vizuri, na sasa kitu kizito kilikuwa kimemshuka kifuani.

"Lusajo," Mzee akasema akitazama mbele. "Nimekukosea. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Mzee."

Sekela alidhani mambo yameisha. Hata mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani yameisha, nikawa nimeshaanza kutafuta wa kumtumia. Lakini Mzee alikuwa bado anatazama mbele, midomo inacheza kama mtu anayehesabu.

"Geuza gari," akasema.

"Mzee, Songea wanakusubiri. Wakwe wale—"

"Watasubiri. Erasto amesubiri zaidi. Nani anajua alipo?"

Walimkuta palepale mlimani, kwenye tuta jingine. Mzee Mligo alishuka na viatu vyake vya kung'aa, akaingia shambani, akazama kwenye tope mpaka kwenye soksi. Alipofika mbele ya Erasto akavua kofia.

"Erasto, kosa nimeliona. Lilikuwa langu. Nailoni ile uliyotaka kuibandua ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Nisamehe. Rudi kazini, hata leo."

Erasto aliendelea kulima mpaka tuta likaisha, na mzee wa watu akasubiri amesimama kwenye tope. Mwisho Erasto akaweka jembe chini.

"Mzee, siku ile ulinifukuzia wapi?"

"Uani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na maneno yalifika wapi?"

"Yalifika kijiweni. Kwa madereva."

"Basi usiniombe msamaha hapa kwenye viazi. Viazi havijawahi kusema nimeharibu gari la mtu. Nimeomba kazi kwa kila mwenye gari mji huu, na kila mmoja ameniuliza swali lako. Mke wangu ameulizwa sokoni. Kazi tutaizungumza baadaye, Mzee. Kwanza jina langu."

Sasa mtihani ulikuwa hapo. Kubandua nailoni barabarani, mbele ya watu wawili, hata mimi ningeweza. Lakini kijiwe cha madereva unakijua. Kiko kando ya kituo cha mafuta, siku ya Jumamosi kimejaa, na pale hakuna anayeheshimiwa kwa sababu ya suti. Ukienda kujisema vibaya pale, watakusimulia mpaka wajukuu zako waoe. Na Mzee Mligo, tangu aache msumeno wa mkono, hajawahi kumwambia mtu hadharani kwamba amekosea.

Alisimama akiikunja kofia yake. Lusajo alimtazama, akaanza kumwonea huruma, akataka kusema kwamba labda inatosha. Sekela akamshika mkono, akamnyamazisha.

"Panda," Mzee akamwambia Erasto.

"Nina udongo, Mzee. Viti vyako vina nailoni."

"Ndiyo maana nimekwambia panda."

Wakateremka mjini. Gari lilipoingia kijiweni mazungumzo yakakatika, maana walimwona Erasto amekaa mbele na tope lake, na tajiri amekaa nyuma. Mzee akashuka. Madereva wakamwamkia. Akaitikia, akasogea katikati yao, kofia mkononi.

"Ninyi mnanijua, na huyu mnamjua," akasema. Sauti haikumtoka vizuri, akakohoa, akaanza upya. "Nilisema Erasto ameharibu gari langu. Si kweli. Gari lilipofushwa na mimi, kwa amri yangu mwenyewe. Yeye aliniambia linakata kwenye ukungu, sikumsikiliza. Alitaka kulisafisha, nikamfokea. Kisha nikamfukuza, na jina lake nikalileta hapa mlitafune. Leo nimekuja kulichukua. Anayetafuta dereva hodari, huyu hapa. Lakini awahi, maana na mimi namtaka."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja mwenye malori mawili, aliyekuwa amemkatalia Erasto kazi kwa maneno makali, aliinuka kwenye benchi na kumpisha nafasi akae.

Erasto alijaribu kukaa akashindwa. Akasimama katikati ya madereva wenzake, mikono yake ya tope usoni, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Wakamwacha alie. Mwenye malori akaleta dumu la maji, akamimina polepole, na Erasto akanawa.

Funzo: Tafuta kosa kabla ya kutafuta mkosaji, na ukimchafua mtu hadharani, usiende kumsafisha chumbani.